Macho Yanapotokeza kwa Ugonjwa wa Thairoidi: Maswali na Majibu

Swali: Naishi Ngamiani, Tanga. Tezi yangu ya shingo inatibiwa na vipimo vya damu sasa ni vizuri, lakini macho yanazidi kutokeza hata watu hudhani ninawakodolea. Kwa nini?

Jibu: Ugonjwa wa macho una mwendo wake. Katika ugonjwa wa Graves, kingamwili zinazoichochea tezi ya thairoidi itoe homoni kupita kiasi hushambulia pia mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho. Vikivimba ndani ya tundu la mfupa usiotanuka, jicho hukosa pa kwenda ila mbele. Hali hiyo huweza kuendelea kwa miezi mingi, pengine mwaka 1 au 2, ingawa homoni zimetulia. Hata hivyo, usiache dawa za tezi, kwani homoni zikipanda au kushuka mno macho huumia zaidi.

Swali: Je, si upungufu wa madini joto, kama rovu za zamani?

Jibu: Sivyo. Chumvi yenye madini joto huzuia rovu ya upungufu, wala haitibu macho haya.

Swali: Nifanye nini nyumbani?

Jibu: Ikiwa unavuta sigara, acha leo, na wanaovuta ndani ya nyumba watoke nje, hakuna jambo lililo mikononi mwa mgonjwa linalozidi hilo. Kisha mwombe mtu wa nyumbani akutazame usingizini: akiona mstari mweupe kati ya kope, jicho linakauka usiku kucha, ndiyo maana unaamka ukihisi mchanga machoni. Tumia machozi bandia mchana, dawa ya mafuta ya macho usiku, inua kichwa kwa mito, na vaa miwani ya jua kwenye upepo wa bahari. Tafadhali usitie miti shamba jichoni.

Swali: Ni lini nisingoje?

Jibu: Ziba jicho moja, tazama kanga nyekundu, kisha badili. Ikiwa jicho moja linauona wekundu umepauka kama wa kanga iliyofuliwa miaka mingi, huenda mshipa wa fahamu wa kuona unabanwa; nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Fanya hivyo pia uoni ukififia, au jicho likiuma sana na kuota doa jeupe. Ukiona vitu viwili viwili, muone daktari wa macho mapema, kwani dawa za steroidi za kupitia mshipa hufaa uvimbe ukiwa bado mbichi, ilhali upasuaji wa kurekebisha misuli na kope kwa kawaida husubiri ugonjwa utulie. Na iwapo daktari wa tezi anapanga kukupa iodini yenye mionzi, mweleze kwanza habari za macho, kwa sababu tiba hiyo huweza kuyazidishia ugonjwa.