Je, wajua ni kwa nini kitongoji kimoja cha Ireland kiliweza kutwaa ubingwa wa nchi nzima mara tatu?

Ukitafuta Tubberadora kwenye ramani ya Ireland, itakubidi uikuze ramani mpaka vijia vya mashambani vianze kuonekana. Si mji, wala si kijiji chenye soko. Ni kitongoji ndani ya parokia ya Boherlahan, kaunti ya Tipperary, kaskazini mwa mji wa Cashel. Ireland imegawanywa katika vitongoji vya namna hii zaidi ya 60,000, na vingi havijulikani na mtu yeyote zaidi ya wanaokaa humo na majirani zao. Hata hivyo Tubberadora ilitwaa ubingwa wa Ireland wa mchezo wa hurling wa mwaka 1895, ikautwaa tena wa 1896, kisha wa 1898. Misimu minne, mataji matatu.

Iliwezekanaje watu wa mashamba machache wazigaragaze timu za Dublin na Kilkenny? Wenyeji wa Tipperary watakujibu haraka kwamba ni vipaji na mioyo ya wanaume wale, na hawasemi uongo. Ila hilo ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine imo katika namna mashindano yenyewe yalivyoundwa, na huko ndiko tunakopaswa kuanzia.

Hurling ni mchezo wa magongo wa zamani sana nchini Ireland, na ni wa kasi kuliko michezo mingi ya uwanjani. Mchezaji hushika gongo la mti wa ash lenye ubapa mwishoni, na kwa gongo hilo huupiga mpira mdogo mgumu uliofunikwa kwa ngozi. Gongo zuri halichongwi kutoka ubao wowote ule. Fundi hukata sehemu ya chini kabisa ya shina, pale linapoanza kupinda kuingia kwenye mizizi, ili nyuzi za mti zifuate mpindo wa ubapa. Ukilichonga kwenye ubao ulionyooka, ubapa utapasuka kwa dharuba chache tu. Siku hizi mpira huruka juu sana na wachezaji huudaka kwa mkono, lakini katika karne ya 19 sehemu kubwa ya mchezo ilikuwa chini. Mpira uliviringika kwenye nyasi, nao waliuchapa ukiwa bado unakwenda, bila kuunyanyua, huku bega likigongana na bega.

Mchezo huu nusura ufe. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine milioni moja au zaidi wakahama nchi. Vijijini vijana walitoweka, na michezo yao ikatoweka nao. Ndipo tarehe 1 Novemba 1884, mwalimu mmoja aitwaye Michael Cusack, mzaliwa wa kaunti ya Clare, akaitisha mkutano katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, Tipperary. Hapo kikaundwa Chama cha Michezo cha Kigaeli, ambacho mpaka leo hujulikana kwa herufi tatu, GAA. Mwanariadha mashuhuri Maurice Davin akawa rais wake wa kwanza. Walitaka kuirudisha michezo ya Waairishi mikononi mwa watu wa kawaida, wakati ambapo riadha iliyoratibiwa ilikuwa chini ya mabwana wa mjini waliofuata mitindo ya Kiingereza.

Uamuzi uliozaa habari yetu ulikuwa kuijenga klabu juu ya parokia. Chama hakikuanzisha timu za majimbo zenye wachezaji wa kuchaguliwa kutoka huku na huko. Kila parokia iliunda klabu yake, na Ireland ya vijijini tayari ilikuwa imejipanga hivyo. Watu walisali kanisa moja, walizikana makaburi yale yale, watoto wao walikwenda shule moja. Chama kilipoanzisha mashindano ya taifa mwaka 1887, utaratibu ukawa mwepesi: klabu za kaunti zishindane zenyewe kwa zenyewe, na ile iliyoibuka bingwa ndiyo iibebe kaunti nzima kwenye hatua ya taifa.

Kwa hiyo fainali ya kwanza kabisa haikuzikutanisha Tipperary na Galway kwa maana tunayoijua leo. Ilikuwa Thurles dhidi ya Meelick, klabu ya kijijini kutoka mashariki mwa Galway. Walikutana Birr tarehe 1 Aprili 1888, siku ya Pasaka, kwenye shamba la mtu aliyeitwa Farrell, kila upande ukiwa na wachezaji 21. Thurles wakashinda kwa goli moja na pointi moja dhidi ya sifuri (goli ni mpira kuingia chini ya mwamba wa goli, na pointi ni mpira kupita juu yake). Wakati huo goli moja lilizidi pointi zote, hata ungekuwa nazo ishirini.

Ndiyo maana nasema nusu ya jibu imo kwenye kanuni. Mlango wa ubingwa wa taifa ulikuwa umefunguliwa kwa klabu yoyote ya parokia iliyoweza kuwashinda majirani zake. Hakukuwa na usajili wa fedha wala timu tajiri iliyoweza kukuchukulia mchezaji wako bora. Ulichokuwa nacho ni vijana waliozaliwa kwenu.

Hapo katikati mambo yaliharibika. Mwishoni mwa 1890 kiongozi wa siasa za Waairishi, Charles Stewart Parnell, aliangushwa na kashfa ya ndoa, na taifa likagawanyika vipande viwili. Wengi ndani ya GAA walisimama na Parnell, huku maaskofu na mapadre wengi wakisimama upande wa pili. Chama kilichojengwa juu ya parokia kinawezaje kuishi ikiwa padri wa parokia hataki kukisikia? Klabu nyingi zilikufa. Kaunti nyingi hazikupeleka timu kabisa. Kwa maoni yangu hili halipaswi kufichwa tunapoisifu Tubberadora: waliibuka wakati uwanja wa mashindano ulikuwa mwembamba kuliko ulivyokuja kuwa baadaye.

Jambo la pili lililobadilika ni kanuni yenyewe ya vikosi. Mwaka 1892 idadi ya wachezaji ilipunguzwa kutoka 21 hadi 17 kila upande, na klabu bingwa ya kaunti ikaruhusiwa kuongeza wachezaji kutoka klabu nyingine za kaunti hiyo. Fikiri maana yake kwa kitongoji kidogo. Kutoa wanaume 21 wenye nguvu na ujuzi kutoka kwenye nyumba chache ni kazi ngumu mno. Kutoa 17, na ruhusa ya kumwita jirani mwenye mkono mzuri, ni jambo linalowezekana. Jina lilibaki la klabu bingwa, na nahodha alikuwa wao.

Hapo ndipo wanaume wa Tubberadora walipoingia. Kiongozi wao alikuwa Mikey Maher, ambaye watu walimwita Big Mikey kwa sababu ya umbo lake. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha katika mataji yote matatu. Ukoo wa Maher ulikuwa na watu wengi kwenye eneo lile, na yeyote anayesoma majina ya vikosi vya Ireland vya miaka hiyo atakutana na majina ya familia yanayojirudia, kaka kwa kaka, binamu kwa binamu.

Fainali ya ubingwa wa 1895 ilichezwa tarehe 15 Machi 1896. Usishangae: ratiba za wakati ule zilichelewa mno, na ubingwa wa mwaka mmoja ulimalizika mwaka uliofuata au hata baada ya hapo. Ilichezwa Dublin, kwenye uwanja wa Jones' Road, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza kwa uwanja huo kubeba fainali za taifa. Leo unaitwa Croke Park, una nafasi ya watu zaidi ya 80,000, na kila Muairishi anaujua. Tubberadora waliwakuta Tullaroan, klabu ya kijijini kutoka Kilkenny. Matokeo yalikuwa 6-8 kwa 1-0. Katika hurling namba ya kwanza ni magoli na ya pili ni pointi, kwa hiyo Tullaroan walipata goli moja tu siku nzima. Siku hiyo hiyo, kwenye uwanja huo huo, klabu ya Arravale Rovers ya Tipperary ikatwaa ubingwa wa taifa wa kandanda la Kigaeli, mchezo mwingine ulio chini ya GAA. Kaunti moja ikarudi nyumbani na mataji yote mawili.

Fainali ya 1896 ilikawia zaidi, ikachezwa Machi 1898. Mpinzani alikuwa klabu ya jijini, Commercials ya Dublin. Hapa ndipo wale wanaodhani kwamba mjini kuna timu bora kwa sababu kuna watu wengi wanapaswa kutulia na kusoma: Tubberadora 8-9, Dublin 0-4. Kanuni ilikuwa imebadilishwa na goli lilikuwa limewekwa kuwa sawa na pointi tatu, kama lilivyo mpaka leo. Ukipiga hesabu ni pointi 33 dhidi ya 4.

Ya 1898 ilichezwa Machi 1900, tena dhidi ya Kilkenny, safari hii ikiwakilishwa na Threecastles. Kilkenny walifunga magoli matatu na pointi kumi, alama ambazo miaka mingine zingetosha kabisa kubeba ubingwa. Tubberadora walifunga 7-13.

Baada ya hapo klabu ikafika mwisho wake. Lakini Mikey Maher hakuacha. Ubingwa wa taifa wa 1899 na wa 1900 ulibaki Tipperary, mikononi mwa majirani zao wa Moycarkey na Two-Mile-Borris, naye aliitwa kwenye vikosi hivyo kwa kanuni ile ile ya kuchukua wachezaji wa klabu nyingine. Akamaliza na mataji matano. Kitongoji kilikuwa kimeazima wachezaji, na sasa kikawa kinaazimisha.

Basi ubora wao ulitoka wapi? Mimi naamini jibu ni ukaribu. Hurling ya chini kwa chini haikuacha muda wa kufikiri. Mpira ukija kwa kasi kwenye nyasi, unauchapa kuelekea mahali unapojua mwenzako atakuwepo. Mtu uliyecheza naye tangu utotoni, mkafanya kazi pamoja wakati wa kukata nyasi na kuvuna, unajua atakimbilia upande gani kabla hata hujamwangalia. Timu ya jijini yenye watu waliokutana kwa sababu ya ajira ilihitaji muda kujenga kitu hicho, na mashindano ya mtoano hayakuwapa muda. Tena wanaume wale waliishi kwa kazi za shamba zinazojenga mikono na mgongo, na katika mchezo uliojaa mgongano wa miili, hilo lilikuwa na uzito wake.

Jina la Tubberadora lilizimika uwanjani, ila parokia ilibaki. Mwaka 1916 klabu ya Boherlahan iliibeba Tipperary hadi fainali chini ya nahodha Johnny Leahy, na mchezo ukachezwa Januari 1917. Aliyekuwa upande wa pili ni Tullaroan, wale wale waliochapwa na Tubberadora miaka ishirini na moja nyuma. Tipperary ikashinda 5-4 kwa 3-2. Vikosi vilikuwa vimeshapunguzwa hadi wachezaji 15. Ndani ya kikosi hicho alikuwepo bado Denis Walsh, aliyewahi kucheza na Tubberadora katika miaka ya 1890. Hata jezi ya Tipperary ya leo, ya bluu na dhahabu, asili yake ni rangi za watu wa parokia hii.

Katika miaka ya 1920 kaunti zilianza kujiteulia vikosi kupitia kamati zao, na ule mlango wa klabu moja kuwa bingwa wa taifa kwa niaba ya kaunti ukafungwa. Mabaki ya utaratibu wa zamani yalidumu hapa na pale. Kilkenny, kwa mfano, waliendelea kwa miaka mingi kuiachia klabu bingwa imtaje nahodha wa kaunti, hata kama hakuwa mchezaji mkubwa kuliko wengine.

Lakini klabu za mashambani hazikunyamaza. Msimu wa 1970/71 yalianzishwa mashindano ya taifa ya klabu bingwa, na Roscrea ya Tipperary ikawa ya kwanza kuyatwaa. Ukitazama orodha ya mabingwa tangu wakati huo, inayoongoza haitoki Dublin wala jiji la Cork. Ni Ballyhale Shamrocks, klabu ya vijijini kusini mwa Kilkenny, yenye mataji tisa kati ya 1981 na 2023. Waliposhinda lile la kwanza, kikosi chao kilikuwa na ndugu saba wa familia moja, akina Fennelly. Wachezaji wa hurling hawalipwi mshahara hata sasa, na kwa kawaida mtu huichezea klabu ya alikozaliwa kuanzia utotoni mpaka anapostaafu.