Mvua ya wastani, shamba kavu: dhana potofu kuhusu rekodi za hali ya hewa Afrika Mashariki

"Walitabiri mvua za wastani, mbona mahindi yamekauka?"

Neno "wastani" ni pana kuliko linavyosikika. Katika utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Tuseme wastani wa vuli kwenu ni milimita 300. Msimu wa milimita 225 utaitwa wa wastani, na wa milimita 375 utaitwa hivyohivyo. Kwa mkulima, tofauti hiyo ya milimita 150 yaweza kuwa ndiyo kuvuna au kukosa.

Lakini kinachoumiza zaidi ni mtawanyiko. Milimita 300 zinaweza kunyesha kwa siku 30 za milimita 10, au kwa siku 5 za milimita 60. Jumla kwenye daftari ni ileile. Shambani, ya kwanza inazama ardhini, ya pili inatiririka na udongo wa juu, halafu jua linawaka wiki tatu mfululizo. Mahindi yakikosa maji yanapotoa mbelewele na ndevu, mvua ya baadaye hairudishi punje. Kwa hiyo, jumla ya msimu peke yake haitoshi. Uliza pia msimu ulikuwa na siku ngapi zenye angalau milimita 1, na ukame mrefu zaidi katikati yake ulidumu siku ngapi.

"El Niño maana yake mafuriko."

Dhana hii ilikolea baada ya mvua za 1997/98, ambazo jina lake bado linatisha watu. El Niño ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki, karibu na ikweta, kupata joto kuliko kawaida. Tatizo ni kwamba El Niño ya 2015/16 nayo ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kubwa, na sehemu nyingi za ukanda wetu hazikuona mafuriko ya kiwango kile. Kinyume chake, vuli ya 2019 ilileta mvua kubwa mno bila El Niño yenye nguvu. Hata mvua za 1961, zilizofuatiwa na kupanda kwa maji ya Ziwa Victoria hadi 1964, hazikuja na El Niño.

Jibu liko Bahari ya Hindi. Maji ya magharibi, upande wetu, yanapopata joto kuliko kawaida huku ya mashariki karibu na Sumatra yakipoa, hewa yenye unyevu hupanda juu ya pwani yetu na vuli huwa nzito. Hali hiyo ilikuwa kali sana 2019. Mwaka 1997 iliambatana na El Niño, na 2023 pia. Anayefuatilia Pasifiki peke yake anasoma nusu ya habari. Tena uhusiano huu ni wa vuli hasa. Masika hayaufuati kwa uthabiti huo.

"Vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, huku haviji."

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele katika karafuu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Ni kweli ni nadra, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuzungusha kimbunga. Ila Lindi iko nyuzi 10 kusini, si sawa na Mombasa iliyo nyuzi 4.

"Dunia ikipata joto, mvua itapungua tu."

Kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Matokeo yake ni mvua inayomwagika kwa nguvu zaidi inaponyesha, na ardhi inayokauka haraka zaidi inapoacha. Mwaka mmoja hauthibitishi wala haukanushi jambo hili. Ndiyo maana hali ya hewa ya mahali hulinganishwa na wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991–2020.

"Ndoo uani inatosha kupima."

Ndoo nyingi zina mdomo mpana kuliko kitako, hivyo kina cha maji kinadanganya, na jua hupunguza kilichomo. Tumia faneli yenye kingo zilizonyooka juu ya chupa iliyofichwa jua. Iweke mbali na nyumba au mti kwa angalau mara mbili ya kimo cha nyumba au mti huo, na mdomo uwe sawa kwa pima maji. Kupata milimita, zidisha mililita kwa 10, kisha gawanya kwa eneo la mdomo katika sentimita za mraba. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 12.7 una eneo la takriban 127, kwa hiyo mililita 127 ni milimita 10 za mvua.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, hata kama hakukunyesha. Siku kavu andika 0. Siku uliyokosa kusoma weka mstari, usiandike 0, maana atakayejumlisha miaka 20 baadaye ataihesabu kuwa siku ya ukame.