Je, wajua taya la ng'ombe hufanya kazi saa ngapi kwa siku?

Ukilala kwa mama mkubwa wangu kule Marangu, ambako banda liko hatua chache kutoka dirishani, utasikia usiku: kruu, kruu, kruu. Ng'ombe kajilaza, matete aliyamaliza tangu jioni, lakini taya halijatulia. Anacheua.

Juzi nilikaa naye nikiwa na saa ya simu. Tonge lilipanda, nikaliona likipita chini ya ngozi ya shingo. Akalitafuna mara 56, taya likienda upande kama jiwe la kusagia. Akameza. Sekunde nne kimya, kisha tonge jingine.

Ng'ombe wa maziwa hucheua kwa muda wa saa 6 hadi 9 hivi kwa siku, mbali na saa kadhaa za kula. Taya husogea makumi ya maelfu ya mara. Nani atakesha akihesabu?

Njia mojawapo ni hatamu yenye kijibomba cha mafuta juu ya pua. Taya likifunguka, mkanda unavutika na mgandamizo ndani ya bomba unabadilika, kifaa kinaandika. Kucheua kunajulikana kwa mdundo wake: mapigo yaliyolingana, kituo kifupi, mapigo tena. Kula hakuna mpangilio huo.

Njia nyingine husikiliza msuli wenyewe. Weka kidole shavuni, mbele kidogo ya sikio, kisha ukaze meno: kile kinachovimba ni msuli wa kutafunia. Kila unapojikaza hutoa umeme mdogo sana, na vihisio vinaweza kuunasa. Kwa sungura, watafiti wamepandikiza vifaa vidogo chini ya ngozi vinavyotuma habari kwa redio mchana na usiku, mnyama akiwa huru kwenye kizimba chake. Ilionekana kuwa msuli hujikaza kidogo kidogo mara nyingi mno, ila kwa nguvu kubwa ni sehemu ndogo tu ya siku. Mimi hilo lilinishangaza, kwa kuwa nilidhani kazi ya taya ni kutafuna tu.

Kwa nini mfugaji ajali kucheua? Jibu liko kwenye mate. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate hayo yana chumvi ya jamii ya magadi inayopoza asidi ya tumbo. Kiangazi, majani yakiadimika na pumba ikizidi, kutafuna hupungua, mate hupungua, asidi hupanda. Mafuta ya maziwa hushuka, na ng'ombe anaweza kuugua. Ndiyo maana kupungua kwa kucheua mara nyingi huonekana kabla ya dalili nyingine za ugonjwa.

Mama mkubwa hana hatamu ya namna hiyo. Usiku akishtuka na asiisikie ile kruu, huwasha tochi akaenda bandani.