Watu mia nne, barua moja

Kila nikionyesha gombo lililochorwa msafara wa wajumbe wa Korea waliokwenda Japani, swali la kwanza huwa lile lile: balozi yuko wapi? Huwaambia wasubiri. Gombo la Kijapani halitundikwi ukutani likatazamwa lote kwa pamoja. Huwekwa chini au mezani, mkono wa kushoto ukifungua na wa kulia ukikunja, nawe unaona kipande kifupi tu kwa wakati mmoja. Msafara unakupita kama vile umesimama kando ya barabara.

Hutangulia bendera zenye maandishi ya kuamuru njia isafishwe. Hufuata bendera ya joka, kisha wapiga ala: tarumbeta ndefu, kome la baharini, ngoma, na taepyeongso, ambayo ni ya ukoo mmoja na zumari letu. Baadaye ndipo linapokuja machela lenye paa kama kibanda, limebebwa mabegani kwa heshima zote, na ndani yake hamna mtu. Mna barua. Ni barua ya mfalme wa Korea kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani. Balozi mkuu yuko nyuma yake, naye ni msindikizaji kama wengine.

Hapo ndipo ninapotaka mtu asimame kidogo. Kati ya 1607 na 1811 Korea ilipeleka Japani misafara 12 ya namna hii, mingi ikiwa na watu kati ya 300 na 500. Kwa kawaida walivuka bahari kutoka Busan hadi kisiwa cha Tsushima, wakapita bahari ya ndani ya Japani hadi Osaka, kisha nchi kavu hadi Edo, ambayo leo ni Tokyo. Vita vya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa wakati huo, vilivyoiteketeza Korea kuanzia 1592 hadi 1598, vilikuwa bado havijasahaulika. Ndiyo maana misafara mitatu ya mwanzo Wakorea waliiita ya kujibu barua na kurudisha mateka.

Kujibu barua ipi? Hapa kuna kisa. Korea ilidai shoguni atangulie kuandika. Watawala wa Tsushima, ukoo wa So, walikuwa wamebanwa: kisiwa chao ni milima mitupu, mpunga haba, na riziki yao ilikuwa biashara na Korea. Basi wakaighushi barua ya shoguni. Jibu lilipokuja, nalo wakalichezea, lisionekane kuwa ni jibu. Siri ikafichuka pale mtumishi mkubwa wa ukoo huo, Yanagawa Shigeoki, alipogombana na bwana wake. Mwaka 1635 shoguni Iemitsu akatoa hukumu: Yanagawa akapelekwa uhamishoni kaskazini, bwana wa Tsushima akaachwa na kisiwa chake. Nani mwingine angewajua Wakorea kama yeye?

Kwa hiyo ninapolitazama gombo la msafara wa 1655 lililoko British Museum, linalonasibishwa na mchoraji Kano Masunobu, sioni sherehe peke yake. Naona barua ambayo sasa inalindwa kwelikweli. Walinzi wa Tsushima utawajua kwa utosi ulionyolewa na panga viunoni. Wakorea kwa ndevu, kofia zao na kanzu pana. Wenyeji wamewazunguka wageni pande zote.

Magombo ya msafara wa 1711 yanakwenda mbali zaidi: juu ya vichwa vya watu pameandikwa vyeo vyao. Serikali ya shoguni ndiyo iliyoagiza yachorwe, kupitia Tsushima. Wengine huyasifu kama sanaa. Mimi, niseme ukweli, huyasoma kama rejesta. Nani anamtangulia nani, nani amepanda farasi, nani anatembea kwa miguu: hayo ndiyo ambayo mwenyeji wa safari ijayo atahitaji kuyajua.

Sanaa hasa iko kwa mchoraji wa Kijapani Hanabusa Itcho. Yeye aliacha msafara mzima akachora kijana mmoja wa Kikorea, amekaa juu ya farasi, brashi mkononi, anaandika papo hapo huku Mjapani akimshikia wino. Gombo la serikali haliwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa kijana huyu ametoka kwenye mstari.

Na haikuwa mbwembwe za mchoraji. Wenyeji walikesha nje ya malazi ya wageni wakiomba mwandiko au picha. Kim Se-ryeom, balozi msaidizi wa msafara wa 1636, aliandika katika shajara yake kwamba waombaji walifurika usiku na mchana, hata mchoraji Kim Myeong-guk akawa karibu kulia kwa kuchoka. Barua ya mfalme ilikuwa ya shoguni; watu wa njiani nao walitaka karatasi yao.