Nairobi hadi Mombasa: Kwa Nini Saa Moja na Si Nusu Saa

Swali lile lile limeletwa tena mbele yangu: ikiwa jeti huruka kilomita 850 kwa saa, na umbali wa Nairobi hadi Mombasa kwa njia ya anga ni takriban kilomita 420, kwa nini ratiba iseme saa moja badala ya nusu saa? Mimi huandaa mipango ya safari za ndege, na nasema waziwazi kwamba hesabu hiyo ni batili tangu mwanzo. Kasi ya kilomita 850 ni ya ndege iliyokwisha kupanda na kutulia juu, na katika njia hii ndege haikawii huko.

Nitaanza na kushuka, kwa kuwa ndiko wanaouliza wasikokutazama kabisa. Marubani hukadiria maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Ndege iliyo futi 31,000, ikielekea uwanja wa Moi ulio karibu na usawa wa bahari, huhitaji maili 93, yaani kilomita 172, kabla ya kuongeza nafasi ya kupunguza mwendo ili itue. Hapo tayari asilimia 40 ya safari imekwisha! Tena, chini ya futi 10,000, kasi inayosomeka kwenye kipimo cha rubani kwa kawaida haitakiwi kuzidi kilomita 460 kwa saa. Kupanda nako kuna sehemu yake, ingawa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari na hutupunguzia kazi kidogo. Kinachobaki katikati ni dakika chache tu, na ndizo pekee zinazostahili ile 850. Kwa sababu hiyo hiyo, ndege ya rafadha (inayosukumwa na panga zinazozunguka) kama ATR 72, inayokwenda takriban kilomita 500 kwa saa, haiachwi mbali na jeti kama kugawanya umbali kwa kasi kunavyodai.

Kuna pia mwelekeo: Nairobi ndege huruka mara nyingi kuelekea kaskazini-mashariki, kwa sababu ya upepo, ilhali Mombasa iko kusini-mashariki, hivyo lazima igeuke. Na muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine, foleni ya kuruka ikiwemo.

Ninalolitilia shaka mimi ni dakika za akiba zinazoongezwa ili ndege ihesabiwe kuwa imefika kwa wakati. Baadhi ni halali, kwa kuwa msongamano wa asubuhi upo kweli. Nyingine, kwa maoni yangu, hufunika ucheleweshaji uliopaswa kurekebishwa, na kwa kuwa zote huingizwa katika namba moja, abiria hana njia ya kuzitenganisha. Anayetaka kulalamika na aulize hapo: ndege ilikuwa angani dakika ngapi, na ardhini dakika ngapi.