Medali moja, mashindano mawili: soka la Olimpiki kwa jicho la kocha wa viungo

Wakati wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024 niliulizwa swali moja karibu kila siku: Mbappé yuko wapi? Wenyeji Ufaransa, kocha Thierry Henry, halafu nahodha wa taifa hayupo. Watu hao hao walimwona Marta wa Brazil, miaka 38, akicheza Olimpiki yake ya sita, na wala hawakushangaa.

Tunaona medali zinafanana, tunadhani na mashindano yanafanana. Ya wanaume ni ya vijana chini ya miaka 23, na kila timu inaruhusiwa kuchukua wakubwa watatu. Kikomo cha umri kilianza Barcelona 1992, wakubwa watatu wakaruhusiwa kuanzia Atlanta 1996. Sababu ni kwamba FIFA inalinda Kombe lake la Dunia. Tena, Olimpiki ya wanaume haimo kwenye kalenda yake ya mechi za kimataifa, kwa hiyo klabu hailazimiki kumwachia mchezaji, hata awe kijana wa miaka 20. Real Madrid haikumwachia Mbappé, basi. Mwaka 2008 Barcelona ilishinda kesi ya namna hiyo kuhusu Messi kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Alicheza Beijing kwa hiari ya klabu tu, akarudi na dhahabu.

Soka la wanawake liliingia Olimpiki mwaka 1996. Halina kikomo cha umri, na klabu zinalazimika kuwaachia wachezaji. Inayoshuka uwanjani ni timu ya taifa yenyewe. Kwangu mimi, hayo ndiyo mashindano makubwa zaidi kwa wanawake baada ya Kombe la Dunia.

Kwa wanaume, kazi kubwa ya kocha ni kuchagua wale watatu. Watanzania tunamkumbuka Emmanuel Amunike kama kocha aliyeirudisha Taifa Stars AFCON mwaka 2019 baada ya miaka 39. Mwaka 1996 alikuwa mmoja wa wale wakubwa watatu wa Nigeria, na bao lake la dakika za mwisho liliizamisha Argentina 3-2 kwenye fainali. Paris tuliona jambo lile lile: Soufiane Rahimi wa Morocco, naye mkubwa, alifunga mabao 8, na timu yake ikachukua shaba kwa kuipiga Misri 6-0.

Sasa nije kwenye eneo langu, miili ya wachezaji.

Kufika fainali ya wanawake Paris kulitaka mechi 6 ndani ya siku 17, kuanzia Julai 25 hadi Agosti 10. Kikosi ni watu 18. Ondoa makipa wawili, unabaki na 16 wa kugawana nafasi 10. Wapo wanne wa akiba, lakini hao huitwa mtu anapoumia, si anapochoka. Kombe la Dunia la wanawake la 2023 kila timu ilikuwa na wachezaji 23, na fainali ilifika baada ya mwezi mzima.

Mguu uliokimbia kwa kasi dakika 90 unahitaji takriban saa 72 kurudi katika hali yake, wakati mwingine zaidi. Siku ya kwanza baada ya mechi misuli inauma. Ya pili mara nyingi inauma zaidi. Ya tatu ni mechi nyingine. Mazoezi ya maana hayapo hapo katikati. Kuna kula, kulala, maji, na kutembea taratibu.

Ndiyo maana mechi ya Zambia na Australia siwezi kuisahau. Julai 25, mjini Nice, Zambia ilipata kadi nyekundu dakika ya 34 dhidi ya Marekani, ikacheza pungufu karibu saa nzima na kufungwa 3-0. Siku tatu baadaye Barbra Banda alipiga hat-triki kabla ya mapumziko, na mapema kipindi cha pili Zambia ikawa mbele 5-2. Ikafungwa 6-5, bao la mwisho likiingia dakika ya 90. Nilisikia wachambuzi wakilaumu mabeki kwa kukosa umakini. Mimi niliona miguu iliyoisha. Beki aliyechoka anachelewa hatua moja tu, na kwa washambuliaji wa Australia hatua moja ni bao.

Kwetu njia ya kufika huko bado ni nyembamba. Paris, wanawake wa Afrika walipewa nafasi mbili kati ya 12. Twiga Stars waliondolewa na Afrika Kusini Februari 2024, na Afrika Kusini nayo ikaondolewa na Nigeria. Mwaka 2019, kwenye mchujo wa Olimpiki ya Tokyo, Harambee Starlets wa Kenya waliitoa Ghana, wakakwama kwa Zambia hao hao.

Los Angeles 2028 hesabu itageuka: timu 16 za wanawake, 12 za wanaume. Nimefurahi kwa dhati, ingawa kama ningeulizwa ningedai pia kikosi cha watu 23. Kwa sasa, mabinti ninaowaandaa nawapangia wiki zenye mechi tatu mara mbili kwa msimu, na wachezaji wa akiba, wa kumi na mbili hadi wa kumi na sita, wanacheza dakika nyingi sawa na wale wa kikosi cha kwanza. Makocha wenzangu hulalamika kwamba tunapoteza mechi za kirafiki. Ni kweli, tunazipoteza.