Kiti cha pweza kwenye tangi la maji ya chumvi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hununuliwa kwa rangi yake, kisha hufa miezi michache baadaye na mwenye tangi abaki akilaumu maji. Mara nyingi tatizo lilianzia dukani: hakuna aliyeuliza ni spishi gani.

"Wote ni wale wale." Hapana. Duniani kuna takriban spishi 1,900, na chakula cha mmoja si cha mwingine. Yule wa kijivu au mweupe, mwenye nundu nyekundu zilizochongoka na mistari myekundu inayoziunganisha, ambaye watu wa pwani yetu wanamwona sana kwenye nyasi za bahari maji yakitoka, ni *Protoreaster lincki*. Hufikia sentimita 30, na hula sifongo, kome, konokono na matumbawe laini. Kumtia kwenye tangi la matumbawe ni kuyatoa matumbawe hayo yaliwe. Wa bluu mwenye mikono mirefu ya mviringo ni *Linckia laevigata*. Huyu huparua utando wa mwani na vijidudu unaoota juu ya mawe. *Fromia*, mdogo, mwekundu au wa rangi ya chungwa, naye hula hivyo hivyo. Ukimwona bapa, rangi ya mchanga, miiba imejipanga kandokando ya mikono na anapenda kujifukia, huyo ni *Astropecten*. Aliyevimba kama mto, mikono haionekani vizuri, ni *Culcita*, mla matumbawe. Na mwenye mikono kumi na zaidi iliyojaa miiba mirefu ni *Acanthaster*: miiba yake ina sumu, usimguse kwa mkono mtupu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hesabu mikono, tazama kingo zake, kisha omba ageuzwe humo humo majini. Upande wa chini unasema mengi. Viguu vyake vidogo laini vikiwa na vikombe vya kunatia, anatembea juu ya mawe; vikiwa vimechongoka bila vikombe, ni mkazi wa mchanga. *Linckia* wa bluu mwangalie kwa makini zaidi, kwa sababu kuna konokono mdogo, *Thyca crystallina*, anayeng'ang'ania hapo chini na kumfyonza.

"Anasafisha tangi, halishwi." Dhana hii ndiyo inayoua wengi, na inaua polepole kiasi kwamba hakuna anayeishtaki. Kiti cha pweza anaweza kukaa miezi akila akiba ya mwili wake mwenyewe huku anaonekana mzima. Kisha mikono inasinyaa, ngozi inalegea, ncha zinaanza kumomonyoka, na hapo mara nyingi tumeshachelewa. *Astropecten* humaliza vijidudu vyote vya kwenye mchanga wa tangi dogo, halafu hana pa kwenda. *Protoreaster* ni rahisi kidogo: mwekee kipande cha kamba mbichi au nyama ya kome chini yake, naye atatoa tumbo lake nje kupitia mdomoni na kukimeng'enya pale pale. *Linckia* ndiye mgumu, kwani wengi hawagusi chakula cha kuwekewa. Kwa maoni yangu, asiye na tangi kubwa lenye mawe mengi yaliyokwisha kukaa humo mwaka au zaidi asimnunue kabisa, hata awe mzuri vipi.

"Maji ya chumvi ni maji ya chumvi, mtie tu." Kiti cha pweza hana damu kama yetu. Maji ya bahari ndiyo yanayozunguka mwilini mwake na kuvisukuma vile viguu, wala hana namna ya kurekebisha chumvi iliyo ndani yake. Maji ya mfuko wa dukani yakitofautiana na yako, chembe zake zinaumia, na madhara huenda yakajitokeza siku kadhaa baadaye. Pima chumvi ya pande zote mbili. Lenga gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kisha tumia mpira mwembamba uliofungwa fundo, maji ya tangi yadondoke matone kwenye ndoo yake kwa saa mbili au zaidi. Usiharakishe hapa.

Dawa za samaki zenye shaba ni sumu kwake. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye chombo kingine.

"Mkono ukikatika utaota." Huota, ikiwa kitovu cha mwili ni kizima na ana chakula cha kutosha. *Linckia multifora* huweza hata kuota mwili mzima kutoka kwenye mkono mmoja. Lakini mkono unaooza na kudondoka vipande si uponyaji, ni ugonjwa au njaa. Akifa, mtoe mara moja kabla amonia, sumu inayotokana na kuoza, haijapanda na kuwadhuru wengine.

Wale wadogo wa chini ya sentimita 2, wenye mikono isiyolingana, wanaojitokeza wenyewe kwenye kioo, ni jamaa ya *Asterina*. Huzaliana kwa kujigawa, na wengi hula utando tu. Waondoe ukiwakuta usiku juu ya matumbawe na chini yao pameachwa mabaka.

"Akinishinda nitamrudisha baharini." Usifanye hivyo. Tangi hukutanisha viumbe na vimelea kutoka bahari tofauti, na akirudi huenda akavipeleka kwa wenzake. Mrudishe dukani, au mtafutie mwenye tangi kubwa zaidi lisilo na matumbawe.